Chumvi ya Ukutani

Kila baada ya masika ukuta wa ndani ulichubuka.
Si juu kwenye zidaka, si chini kwenye sakafu:
kimo cha goti langu, nikiwa na miaka kumi na mmoja,
chokaa ilivimba, ikapasuka, ikamwagika
unga mweupe juu ya mkeka.

"Usiuguse," alisema bibi yangu, Bi Somoe.
Chumba kile alizalia wanawe saba,
na wanne walioshwa humo humo kabla ya sanda.
"Ukuta huu una kilio chake. Uwate ulie."
Nasi tukauacha. Tulipita ubavu ubavu
kama mtu asiyetaka kumkatiza anayesali.

Mjomba Famau hakupenda kilio.
Alileta saruji mifuko mitatu, kwa punda, toka gatini,
akaukandika ukuta hadi kiunoni
ukawa wa kijivu, mkavu, kimya.
Mwaka uliofuata unga ulitokea juu ya saruji,
kimo cha kifua.
Bibi hakusema kitu. Alinitazama tu
kama aliyeshinda kesi ambayo hakutaka kuishinda.

Shuleni Langoni, mwalimu Bwanaheri alitutupia misemo
kama arushiaye kuku mtama.
Siku moja ukawa wa Kilatini: Warumi, alisema,
walimhesabu mwenye heri
yule aliyejua mambo ya dunia yanatokana na nini.
"Na asiyejua?" aliuliza Tima, dawati la nyuma.
Mwalimu akafuta ubao.

Nililipata Alhamisi alasiri, wala sikulitafuta.
Nilichovya mkate wa mofa kwenye chai,
ncha tu, nikasahau,
nikisikiliza punda wakigombana kichochoroni.
Nilipotazama tena, chai imenifika vidoleni.
Hakuna aliyeimimina.
Ilipanda yenyewe, tundu kwa tundu,
kama mwizi ajuaye nyumba.

Niliinuka bila viatu, nikaingia ndani,
nikatoa ulimi,
nikaulamba ukuta wa mababu zangu.

Chumvi.

Sijui niielezeje furaha ile. Haikuwa ya Idi,
haikuwa ya zawadi; haikuwa na mtu wa kumshukuru.
Matumbawe yana matundu kama mkate.
Maji ya ardhini hupanda humo, chumvi mgongoni,
kisha maji yakaenda zake hewani,
na chumvi, isiyo na mbawa, ikabaki,
ikakua, ikaisukuma chokaa kwa bega.
Saruji ya mjomba iliziba mlango tu,
maji yakapanda kutafuta dirisha.
Nilicheka, peke yangu, chumbani mwa kuoshea maiti.

Fundi Shekuwe, nilipomkimbilia na habari,
hakuweka chini hata kikombe cha kahawa.
"Ukuta wapumua. Nani asiyejua?"
Alikuwa amejua miaka arobaini.
Hakuna aliyemuuliza.

Bibi nilimpelekea mkate na chai, aone mwenyewe.
Aliitazama ikipanda, hakupepesa, mpaka ikafika.
"Kwa hiyo," alisema, "haukuwa ukinililia mimi."

Sikuwa na jibu. Hata Warumi,
nadhani, wangetazama sakafu.

Siku mbili hakunena nami. Aliniwekea chakula
akageuka.
Ya tatu, alfajiri, nilimkuta ndani,
leso mabegani, mkono mmoja kwenye kidaka,
ulimi wake ukutani.
"Chumvi kweli," alisema. Akameza.
Akakaa kitako mkekani, juu ya ule unga,
akauchota kidogo, akausugua kwa vidole
kama apimaye kitambaa dukani.

"Lete patasi," alisema.
"Tuibandue hii saruji ya mjombako,
kipate pa kutokea."

Kipate, alisema. Si yapate.

Nilikwenda kuleta patasi.